Maji ya Kijiko

Fundi Bomba alikoroga maji yake kwa kasi ya mtu anayekimbizwa na mbwa. Mkewe alikuwa amempa kisogo sekunde kumi tu, nazo zilimtosha: yale maji yaliyotiwa unga wa hospitali wa kuyagandisha, ukiyakoroga kwa fujo, hulegea. Akainua kikombe.

"Weka chini."

Akaweka. Mkewe akaketi, akakunja mikono, akangoja maji yagande upya. Kisha akainamisha kijiko. Donge likaning'inia, likaanguka pwata!

"Sasa hayo ndiyo maji. Fungua mdomo, baba watoto."

Ndivyo mambo yalivyokuwa tangu apigwe na kiharusi. Daktari alichukua kipande cha mpira wa maji, akakikamua kwa vidole kutoka juu kwenda chini. "Koo husukuma hivi, mzee. Lako limechoka. Maji matupu yatalikimbia, yaingie mapafuni. Kitu kizito husubiri zamu yake."

Fundi Bomba, aliyefunga mabomba ya mtaa mzima, alielewa upesi kuliko mgonjwa yeyote. Wiki hiyohiyo aliiba funda moja la maji matupu, akapaliwa hadi midomo ikawa ya bluu. Hakurudia. Tangu hapo ujasiri wake wote uliishia kwenye kukoroga.

Aliporudishwa kupimwa, alingojea majibu nje, kwenye kiti cha magurudumu. Mkewe alitoka kwa daktari akitikisa kichwa polepole. Fundi alilia kama mtoto.

Leo dada yake alikuja na chupa ya maji, baridi hadi inatoka jasho.

"Wifi, mpe funda moja tu. Mtu aliyewapelekea watu maji hadi jikoni kwao!"

"Mazishi utagharamia wewe?"

Chupa ikawekwa mezani. Dada mtu akajifuta macho.

"Kaka, mke umepata. Nawe ulivyokuwa ukimwaga uji wake mbele ya wageni! Eti, 'Huu ni wa kunywa au wa kubandikia matangazo?'"

Fundi Bomba alicheka, donge likamtoka mdomoni hadi kidevuni.

"Miaka ishirini na minane," mkewe alisema, akimpangusa kwa upole. "Wala sikuhesabu."

"Mama watoto, kipimo kingine lini?"

"Daktari ataita."

Mgeni alipoaga, mke aliifungua ile chupa, akainywa yote akiwa amesimama mbele ya mumewe, funda kwa funda, bila haraka. Kisha akafungua kabati, akalirudisha kopo la unga mahali pake, juu ya karatasi aliyopewa na daktari siku ile ya majibu, miezi kumi na minne iliyopita:

"Koo limepona kabisa. Anywe maji apendavyo."