Shingo ya Kalisti

Watu huenda hospitali na kadi. Verediana alikwenda na begi la shangazi kaja, limejaa nguo za mkamwana wake.

"La nini hilo, Mama?" aliuliza Rahabu, mwenye nguo zake.

"Tunaokoa nauli. Daktari akishasema wewe ni mgumba, unapanda bodaboda hapo hapo getini, moja kwa moja Ujiji kwa baba yako."

Akambebesha begi. Mkoba wake mweusi aliubana mwenyewe kwapani. Huo hajawahi kumwachia mtu.

Verediana, jamani, alikuwa bingwa wa uzazi. Alifagia zahanati miaka kumi na miwili, na mtu akifagia muda wote huo, udaktari humwingia kupitia ufagio. Alijua kufunga vidonda, kuchoma sindano, na kumtambua mgumba kwa kumtazama anavyosonga ugali. Rahabu alisonga vibaya. Kesi ikaishia hapo.

Kumpima mwanawe Kalisti? Upuuzi mtupu. Kalisti ana shingo! Huyo alioa akiwa mwembamba kama uti wa samaki mgebuka. Mama yake akamlea upya kwa mayai, maombi na vitamini za ng'ambo ya ziwa, mpaka leo pale Kibirizi anabeba magunia mawili ya dagaa kwa mpigo na kuuliza la tatu liko wapi. Ndevu zile! Sauti ile! Mwanamume wa namna hiyo atakosaje mtoto mwaka wa nne huu, kama si ukaidi wa mke?

Ni kweli, siku moja Rahabu alimnong'oneza jambo, kwa aibu ya kufa. Kwamba korodani za mumewe zimenywea, si kama alivyomkuta. Kwamba chuchu zake zimevimba, hata shati likigusa anaguna.

"Shika adabu yako!" Verediana alimkata. "Mali ya mume haipimwi kama dagaa kwenye kopo. Na hicho kifua ni misuli. Kwenu mmezoea wanaume waliokonda."

Bahati mbaya, Daktari Erasto hakuwa na heshima kwa shingo. Alisema hapimi mke bila mume. Kalisti, aliyekuja nao, akakubali, mama yake akanuna, majibu yakatoka.

"Rahabu hana kasoro yoyote," alisema daktari. "Kwa Kalisti, sijaona mbegu hata moja."

"Hadubini yenu mbovu. Si umtazame tu, mwanangu? Huna macho?"

"Mama, hadubini haitazami shingo. Mtu anaweza kuwa na nguvu zote za chumbani na mbegu zisiwepo."

"Basi karogwa." Verediana akamgeukia Rahabu. "Na mchawi ninamjua. Beba begi lako, nenda."

Rahabu hakubisha. Miaka minne alikuwa amebisha, ilitosha. Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akalinyanyua begi.

Halikunyanyuka. Kalisti alikuwa amelishika upande wa pili.

"Daktari," alisema, macho chini. "Korodani kunywea, na chuchu kuuma. Huo nao ni uchawi?"

Daktari akaweka kalamu mezani.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu sasa. Mke wangu ndiye aliyeona kwanza."

"Basi mkeo ana macho kuliko hadubini. Hizo ni dalili, si uchawi. Ninaziona kwa vijana wanaochomwa dawa za kujaza misuli. Mwili unatuna, huku ndani mbegu zinazimwa. Ukiacha, mara nyingi zinarudi, ila ni kusubiri miezi." Akasogeza kiti karibu. "Sema kweli, kijana. Nani anakuchoma?"

Kalisti aligeuza shingo. Alikuwa akimtazama mama yake, aliyekuwa ameuteremsha ule mkoba mweusi sakafuni, akiusukuma kwa kisigino, polepole, chini ya kiti.

Ndani yake vichupa vya vitamini vikagongana.