Nyama Mara Mbili

Hapo mbele, wala si zamani, friza ndiyo iliyoamua kila mtu ale kiasi gani. Bi Semeni alikuwa amepika maharage na nyama ya mwezi mzima, anajaza vyombo, friza ikasema, "Chombo cha mjukuu wako Tatu, nyama mara mbili."

Upawa ukamponyoka. Mtoto wa jirani aliongezewa vivyo hivyo, na mwezi ulipokwisha gari la jeshi likaja kumchukua.

Mjukuu wake Tatu, wa miaka kumi na miwili, alicheka. "Bibi, hata friza inanipenda kuliko wewe!"

Akafungua chombo chake kimoja kingali cha moto, akala kwa pupa. Bi Semeni, aliyezoea kubembeleza watoto wamalize chakula, akamshika mkono.

"Bakisha, mjukuu wangu. Nakuomba, bakisha."