Mikono Juu ya Usukani

Taa za buluu za polisi zilipomwakia kwa nyuma, Odessa alisimamisha gari kando ya barabara, akashusha kioo, akaiweka mikono yote miwili juu ya usukani ionekane, kama alivyowafunza wanawe hata kabla hawajajua kuendesha.

Mapajani alikuwa amepakata pai ya viazi vitamu ya kupeleka kanisani, imetoka jikoni sasa hivi. Joto lake lilishapenya gauni la Jumapili.

Askari alikuwa yuleyule.

"Habari za asubuhi, Bi Odessa. Nasikia korti imetupatanisha."

Wiki ile jaji aliifuta kesi ambayo Odessa alimfungulia askari huyu. Alikubali kwamba askari alimvunja mkono mama huyu barazani bila kosa. Ila hukumu pekee ya zamani ilikataza kumvunja mtu mkono uani. Askari angejuaje kwamba barazani nako ni vibaya? Basi sheria ikamkinga, kwani askari hashtakiwi ila kwa kosa ambalo hukumu ya awali imelitaja waziwazi. Alipowasimulia kanisani, waumini walicheka mpaka wakatokwa na machozi, kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

"Leseni."

"Iko kwenye pochi, bwana, hapa kitini. Niteremshe mkono niitoe?"

Askari alifungua kifungo cha ala ya bastola polepole, kama mtu anayelegeza mkanda baada ya kushiba.

Pai ikaanza kuteleza kuelekea magotini.

"Bwana, nauliza. Niteremshe mkono?"

"Nimesema leseni, mama. Au hata masikio yalivunjika?"

Odessa akajiuliza kama kuna jaji aliyewahi kuandika lolote juu ya mwanamke aliye ndani ya gari.

Mkono wa kulia ukaachia usukani.