Pamba ya Mwalimu Mkuu

Nyangi alilifungua furushi kiunoni, akaimwaga pamba yote miguuni pa mwalimu mkuu.

Darasa zima la saba lilikuwa limeinama shambani kwa mwalimu huyo, nje kidogo ya Bunda, na saa hiyo ilikuwa ya hisabati. Maganda makavu ya pamba yalikuwa yamemchoma Nyangi vidole mpaka damu. Mwaka ule madukani hapakuwa na hata mita moja ya kitambaa. Sare yake ilikuwa viraka vitupu.

“Wewe mtoto, una wazimu?”

“Hapana, mwalimu. Nimekataa, kama Maria Mitchell.”

Asubuhi ile mwalimu wa hisabati alikuwa amewasimulia habari za mwanamke huyo wa Marekani, wa karne ya kumi na tisa, aliyepiga hesabu za nyota na kugundua nyota yenye mkia. Lakini kilichomkaa Nyangi moyoni kilikuwa kingine: mama yule aligoma kuvaa nguo za pamba, kwa kuwa pamba ilichumwa na watumwa.

Mwalimu mkuu alicheka, akaichomoa fimbo kwapani. “Basi aje akutetee.”

“Alishakufaga zamani, mwalimu. Nipo mimi.”

“Lete mkono!”

Akaunyoosha, vidole vyake vya damu wazi kabisa, wala hakupepesa macho.

Pamba haina kishindo ikimwagwa. Mwalimu mkuu aliinua fimbo, akainua na macho, ndipo akaona kwamba nyuma ya Nyangi, miguuni pa darasa zima, ardhi imekuwa nyeupe.