Amonaiti Yenye Jina la Msichana

“Nimeipa jina la msichana,” mume alinong'ona kwenye simu, mgongo wake umeelekea mlangoni. “Hapana, mke wangu hajui.”

Mkewe alikuwa nyuma ya mlango huo huo, kikombe cha chai mkononi. Hakuingia. Chai aliimwaga kwenye sinki.

Kuyaonea wivu mawe alishazoea. Mumewe alikuwa fundi wa makumbusho, kazi yake kusafisha masalia ya amonaiti yaliyogeuka mawe: jamaa za ngisi na pweza wenye magamba, ukoo uliotoweka baharini kabla binadamu hajawapo. Kila jioni alijifungia katika chumba kidogo cha nyuma, akichokonoa kwa sindano gamba lililojiviringa kama pembe ya kondoo. Aina hiyo hakuna aliyewahi kuiona. Yeye ndiye aliyeigundua, na kuipa jina ilikuwa haki yake.

Mawe ni mawe. Lakini msichana?

“Mwanamume akianza kunong'ona nyumbani kwake mwenyewe, ujue kuna mtu,” dada wa mke alimwambia. “Mbane!”

Alimbana. “Ni nani huyo?”

Mume aliinamisha kichwa. “Mtu niliyempenda. Nikimtaja sasa, kazi haitaisha. Njoo makumbusho Ijumaa, siku ya uzinduzi, tafadhali.”

Bila hata haya! Tangu hapo mke alilala ameukabili ukuta, akiwapitisha kichwani wanawake wote wa makumbusho: karani mwenye vishimo mashavuni, mpiga picha anayecheka ovyo, hata mfagiaji mwenye wajukuu. Kila mmoja alimwona mzuri kuliko yeye.

Ijumaa alivaa gauni lake la thamani, akakaa safu ya mbele. Maneno ya kumvua nguo mumewe mbele za watu yalikuwa kwenye ncha ya ulimi.

Mkurugenzi alivuta kitambaa. Gamba likaonekana, limesafishwa mpaka linang'aa, na chini yake jina kwa herufi kubwa.

Mke aliinuka. Mumewe, kule mbele, alikuwa akimtazama yeye tu, macho yamejaa machozi.

Akaketi, akalitamka jina hilo polepole.

“Pole, mwanangu,” mama mmoja wa kiti cha pembeni alimshika mkono. “Kwani huyo binti unamfahamu?”

“Nilimzaa mimi,” akasema. “Tulimchagulia jina wawili tu, kisha akazaliwa bila kulia.”