Wasioenea Kwenye Picha

Siku hizi mashine za oksijeni hufanya kazi pale tu mgonjwa anapoonekana kwenye kamera ya kiongozi. Viongozi wenyewe hawajui, kwa kuwa huwa wameshaondoka taa za mashine zinapozimika. Ndiyo maana muuguzi Tunsume hakutaka mbunge aondoke upesi.

"Mheshimiwa, kola imekunjika," alisema, akainyoosha polepole. "Turudie kidogo."

Mbunge akarudia kumpa pole mgonjwa, Bibi Sekela, ambaye kifua chake kilipanda na kushuka bila shida. Baadaye ikawa tai, kisha kifungo.

Mwishowe mbunge akaikazia macho taa ya kijani ya mashine. "Sista, nikitoka hii inazimika?"

"Inazimika, mheshimiwa."

Mbunge akavuta kiti, akamshika bibi mkono. "Endelea kupiga," akamwambia mpiga picha wake. Tunsume alimtazama kwa udadisi. Hakuwa amewahi kuona mwanasiasa akikaa.

Mara magurudumu yakasikika mlangoni. Wauguzi wa wodi nyingine, waliposikia kamera bado inawaka, walikuwa wakisukuma vitanda vya wagonjwa wao viingie ndani ya picha.

Mpiga picha alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani.

"Mheshimiwa," alisema, "hawaenei wote."