Sahani ya Tatu

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe sita Machi 2068. Watafiti wa elimu walisema huzuni inashusha alama za wanafunzi, basi siku hiyo shule ikamfutia binti yangu Tausi kumbukumbu zote za marehemu mama yake.

Alirudi anacheka, akaitazama picha ukutani. "Baba, huyu mama mzuri ni nani?"

Sasa anaongoza darasa. "Mzee Kigoda, si ufurahi basi!" mwalimu ananiambia.

Lakini kila jioni Tausi akipakua ugali, anaweka sahani tatu.

"Ya tatu ya nani, mwanangu?"

"Sijui, baba. Mkono wenyewe tu."

Nimekwenda shuleni, nimefika hadi wilayani, nawauliza hao wakubwa na vyeti vyao: mke wangu mliyemtoa kichwani mwa mtoto, mmemweka wapi?